Ana kasi, lakini ya chuo kipi?

Baba mmoja tunayejuana tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi alinijia nyumbani Jumapili moja jioni, bahasha ya kaki kwapani. Alikuja na mwanawe, kijana wa Kidato cha Tatu, mrefu kama mlingoti, mabega mapana, macho chini. Nilipowakaribisha chai, kijana aliketi. Babake alikataa kuketi mpaka atoe yaliyokuwa ndani ya bahasha.

"Mwalimu," akaniambia, maana hivyo ndivyo wazazi wanavyoniita tangu siku nilizokuwa nikishika saa kwenye mashindano ya kuogelea ya shule, "nataka uniambie ukweli mtupu. Huyu ana kasi ya kutosha kuchukuliwa na chuo kikuu cha Marekani, au hana?"

Mlikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa cheti cha mashindano ya shule: mita 100 fristaili, sekunde 52.8. Ya pili ilikuwa matokeo ya Kasarani, miezi miwili baadaye, mbio zile zile: sekunde 54.6. Ya tatu ilikuwa barua ya wakala mmoja aliyetaka alipwe sh250,000 mapema, kisha asilimia kumi ya ufadhili wowote ambao kijana angepata. Naye aliahidi kumpatia nafasi bila shaka yoyote.

"Tuna kiploti kule Kamulu," baba akasema. "Mnunuzi yuko tayari. Lakini siwezi kuuza ploti kwa ajili ya mtoto anayerudi nyuma. Tazama mwenyewe! Kutoka 52 hadi 54. Nimemwambia uvivu ndio unaommaliza."

Kijana hakusema neno. Alikuwa akikikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Msomaji mpendwa, najua baba huyu hayuko peke yake. Siku hizi kila penye kidimbwi cha kuogelea jijini kuna mzazi aliyeketi pembeni na saa mkononi, akipiga hesabu ya ada za Marekani. Na wanafunzi wenyewe hunyoosheana simu wakilinganisha sekunde zao. Kwa hivyo niliyomweleza yeye acha niwaeleze nyote.

Kwanza, kidimbwi kipi?

Nilimuuliza kijana kidimbwi cha shule yao kina urefu gani. "Mita 25, mwalimu." Na cha Kasarani? "Mita 50."

Basi hapo ndipo penye siri. Katika kidimbwi cha mita 25, anayeogelea mita 100 hugeuka ukutani mara tatu. Katika kile cha mita 50 hugeuka mara moja tu. Na ukuta ni rafiki wa mwogeleaji. Akigeuka na kuusukuma kwa miguu, huteleza chini ya maji kwa kasi kuliko anavyoweza kuogelea kwa mikono yake. Kuta mbili za ziada humpa kijana wa umri huu nafuu ya sekunde moja na nusu hivi, pengine karibu mbili.

Tena kuna jambo la saa. Pale shuleni muda ulipimwa na mwalimu kwa kidole gumba. Kidole cha binadamu husubiri kidogo baada ya mlio wa kuanzia, na hayo madogo humwongezea mtoto sifa asizostahili. Mimi mwenyewe nimeshika saa hizo kwa miaka mingi, na ninaungama kwamba nimewahi kuwapa watoto muda mzuri kuliko waliouogelea.

"Kwa hivyo," nikamwambia baba, "hizi 52.8 za shule na hizi 54.6 za Kasarani ni kitu kimoja. Mtoto wako hakurudi nyuma hata hatua moja."

Kijana aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu aingie. Babake aliiangalia karatasi, akamwangalia mwanawe, kisha akavuta kiti akaketi.

Lakini nilikuwa sijamaliza, kwa sababu kuna kidimbwi cha tatu. Vyuo vya Marekani havishindani kwa mita katika msimu wao. Hushindania katika vidimbwi vya yadi 25. Yadi moja ni pungufu ya mita, na yadi 100 ni mita 91.44 tu. Kwa hivyo mwenye sekunde 54.6 Kasarani huko angeogelea kwa sekunde 47 na nusu hadi 48. Hayo ni makadirio, lakini hayako mbali na ukweli. Mbio ndefu nazo hubadilika: badala ya mita 400 huogelea yadi 500, na badala ya mita 1,500 huogelea yadi 1,650.

"Sekunde 47!" baba akaruka. "Si hizo ni za Olimpiki?"

Nilicheka. Sekunde 47 kwa mita 100 katika kidimbwi kirefu kweli ni za watu wa Olimpiki. Sekunde 47 kwa yadi 100 ni habari nyingine kabisa. Mwaka wa 2018 Caeleb Dressel wa Chuo Kikuu cha Florida aliogelea yadi 100 fristaili kwa sekunde 39.90, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya 40. Mwanao angeingia naye majini pamoja, Dressel angegusa ukuta wakati mwanao akiwa bado na mita kumi na tano hivi za kuogelea.

Pili, chuo kipi?

Baba alitaja Stanford bila kupumua. Sikushangaa. Wakenya tunamkumbuka Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliyeogelea katika chuo hicho, na ndugu yake David pia. Kwenye Olimpiki za Beijing mwaka wa 2008, Jason aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo katika mchujo, sekunde 51.14. Rekodi hiyo haikudumu, ilivunjwa katika mchujo uo huo, lakini aliingia fainali na kumaliza wa tano. Mwaka wa 2010 akatwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi. Hiyo ndiyo aina ya mwogeleaji anayechukuliwa na Stanford.

Lakini Marekani si Stanford peke yake. Emily Muteti, aliyetuwakilisha kwenye Olimpiki za Tokyo zilizofanyika mwaka wa 2021, aliogelea katika Chuo Kikuu cha Grand Canyon, jimbo la Arizona. Na chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo vingi huko, kina madaraja matatu. Nje yake kuna NAIA, chenye vyuo vidogo vidogo, na vyuo vya miaka miwili vilivyo na chama chao.

Nikampa baba kipimo cha juujuu kwa wavulana, yadi 100 fristaili. Timu kubwa kabisa za Daraja la Kwanza hutafuta vijana wa sekunde 43 au 44 wanapomaliza sekondari. Timu za kati za daraja hilo hilo hutazama 45 na 46. Wa 47 na 48 huanza kupata masikio ya kumsikiliza katika Daraja la Pili, Daraja la Tatu na NAIA. Kwa wasichana, timu kubwa hutaka sekunde 49 au chini, za kati 51 na 52, na vyuo vingi vya Daraja la Tatu hufurahia 53 au 54.

Usiyakariri maneno yangu kama msahafu. Kuna njia bora ambayo mwanafunzi yeyote mwenye intaneti anaweza kuifuata mwenyewe. Chagua chuo unachokitaka. Tafuta matokeo ya mashindano ya ligi yake, yanayofanyika kila mwaka mnamo Februari au mapema Machi. Tazama mbio zako. Wa nane aliogelea kwa muda gani? Wa 16 je? Katika ligi nyingi wa 16 bado huleta alama, na katika nyingine hata wa 24. Muda wako, baada ya kuugeuza kuwa wa yadi, ukiwa karibu na wa 16, kocha wa chuo hicho ana sababu ya kusoma barua yako. Ukiwa nyuma ya wa mwisho kwa sekunde tatu, tafuta chuo kingine. Hujatukanwa na mtu. Umepata jibu tu.

Tukaketi na kijana, tukafungua matokeo ya ligi moja ya Daraja la Kwanza. Hakuwemo hata kwa kubahatisha. Tukafungua ya Daraja la Tatu. Muda wake ulikuwa nyuma kidogo tu ya mtu wa 24. Akatabasamu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumwonyesha mlango anaoweza kuugusa.

Tatu, kocha hutazama nini?

Muda wa leo ni nusu ya hadithi. Nilimuuliza kijana aliogelea kwa sekunde ngapi Kasarani alipokuwa Kidato cha Kwanza. "Dakika moja na nukta tatu." Kidato cha Pili? "57.1." Sasa 54.6. Baba hakuwa amewahi kuziweka namba hizo kwenye mstari mmoja.

Nikauliza tena: anafanya mazoezi mara ngapi? Siku nne kwa juma, saa moja na nusu kila siku. Kunyanyua vyuma? Hajawahi.

Kocha wa chuo akiona kijana aliyeshuka karibu sekunde sita kwa miaka miwili kwa mazoezi ya siku nne, hujiuliza atafika wapi akiogelea siku sita na kulishwa vizuri. Lakini mwenye sekunde 54.6 zile zile kwa miaka mitatu mfululizo, huku akifundishwa asubuhi na jioni, anauza bidhaa iliyokwisha kukomaa. Hakuna ahadi hapo. Wengine hushuka kwa kasi kisha wakakwama. Hata hivyo mwelekeo ni ushahidi, na kocha huusoma.

Hutazama pia upungufu wa timu yake. Katika mashindano ya ligi huwa na mbio tano za kupokezana, na kila moja hutaka waogeleaji wanne. Kwa hivyo mtu wa fristaili fupi ana kazi. Lakini ikiwa anayeogelea chali anamaliza masomo mwaka huo na hakuna wa kumrithi, basi kijana wa chali mwenye muda wa kawaida anaweza kuchukuliwa kabla ya mtu wa fristaili mwenye muda mzuri. Ndiyo maana humwambia kila mtoto: usijifungie kwenye mtindo mmoja.

Nne, fedha

Hapa ndipo wazazi wengi huumia. Kuchukuliwa na timu si sawa na kulipiwa masomo. Daraja la Tatu lote halitoi ufadhili wa michezo, hata senti moja. Vyuo vinane vya kundi la Ivy, kama Harvard na Yale, navyo havitoi, ingawa viko Daraja la Kwanza. Vyuo hivyo hutoa msaada kwa kuangalia hali ya familia, na vingi vya Daraja la Tatu huongeza tuzo kwa alama za darasani.

Hata palipo na ufadhili wa michezo, kwa kawaida waogeleaji hugawana. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 9.9 na ya wanawake 14, nayo makocha waliukata vipande: huyu robo, huyu nusu, huyu vitabu tu. Kuanzia msimu wa 2025-26, vyuo vilivyoingia katika mapatano ya mahakama yaliyoidhinishwa Juni 2025 havina tena kikomo hicho. Badala yake timu ina kikomo cha watu 30, pamoja na wale warukao kutoka ubaoni. Chuo chenye fedha kinaweza kuwalipia wengi zaidi. Lakini wale wa mwisho kwenye orodha, ambao zamani walibebwa ili wakue polepole, sasa hawana hakika ya nafasi.

Na vyuo vingi vya kibinafsi vya huko hugharimu zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, ada, chakula na malazi. Ukipewa nusu, bado unadaiwa nusu. Ploti moja ya Kamulu haitamaliza miaka minne. Kabla ya kuulizana kama mtoto ana kasi, wazazi kaeni kitako mwulizane: sisi tunaweza kutoa kiasi gani kila mwaka, kwa miaka minne, bila kuwanyima wadogo zake shule? Andikeni jibu hilo. Litawachagulia vyuo kuliko saa yoyote.

Hapo kitabu cha darasani huwa na nguvu kuliko mikono. Ili kushindania Daraja la Kwanza, NCAA hutaka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha nne. Hicho ndicho kiwango cha chini. Msaada mkubwa wa fedha humwendea mwenye alama za juu. Kijana wa sekunde 47 mwenye A na B nyingi anaweza kusoma kwa gharama ndogo kuliko wa sekunde 45 mwenye C. Wakala hakuandika neno hilo kwenye barua yake.

Na huyo wakala?

Niliisoma barua yake mara mbili. Hiyo asilimia kumi ya ufadhili ndiyo iliyonitia baridi. Sheria za NCAA zinaruhusu familia kulipa ada maalumu kwa mtu wa kuwasaidia kutuma habari za mtoto kwa makocha. Haziruhusu malipo yanayotegemea mtoto kupata nafasi au kiasi cha ufadhili atakaopewa. Mkataba wa namna hiyo unaweza kumfanya kijana apoteze haki ya kushindana kabla hajavaa hata kofia ya timu. Yaani baba angeuza ploti ili anunue pingamizi.

Tena nafasi bila shaka yoyote haiuzwi na mtu. Kocha ndiye anayechagua timu, na ofisi ya usajili ya chuo ndiyo inayopokea wanafunzi. Anayeahidi kwa niaba yao anauza samaki walio bado baharini.

Kazi ambayo wakala angelipwa kuifanya, kijana anaweza kuifanya mwenyewe kwa jioni chache. Na aandike yeye, si babake. Makocha hupenda kusikia sauti ya mtoto. Barua iwe fupi: jina, shule, mwaka atakaomaliza, mbio zake na muda wake, akieleza kila muda uliwekwa katika kidimbwi cha mita 25 au 50 na kama ulipimwa kwa mitambo au kwa mkono. Aweke muda wa miaka iliyopita pia, alama zake za darasani, na video moja inayoonyesha anavyoanza, anavyoogelea na anavyogeuka. Aonyeshe kwamba amekitazama chuo hicho. Atume kwa vyuo ishirini: vitano vya kuota, kumi vinavyomfaa, vitano vya hakika kidogo.

Asivunjike moyo asipojibiwa mapema. Makocha wa Daraja la Kwanza hawaruhusiwi kumwandikia mwanafunzi kuhusu kumchukua mpaka Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili katika sekondari ya huko ya miaka minne. Lakini mtoto wa Kidato cha Tatu asingoje matokeo ya KCSE ndipo aanze. Makocha huko hujaza nafasi zao mapema, na mtihani wetu huisha Novemba huku mwaka wao wa masomo ukianza Agosti. Kukaa nyumbani kwa muda mrefu ukiendelea kushindana kunaweza kukupunguzia miaka ya kuogelea chuoni.

Jibu nililompa

Giza lilikuwa limeingia. Baba aliniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, "Basi mwalimu, ana kasi ya kutosha?"

Nikamjibu: kwa Stanford, hapana, na sidhani atafika. Kwa chuo cha kati cha Daraja la Kwanza, bado. Akishuka hadi sekunde 52 Kasarani kabla ya kumaliza shule, tutazungumza upya. Kwa vyuo vingi vidogo vizuri, ambavyo huzalisha madaktari na wahandisi kama vile vikubwa, anakaribia mlangoni. Na kama asipoingia popote, anajua kuogelea na amesoma. Hakuna kilichopotea ila ploti, kama mngeiuza.

Baba alirudisha karatasi mbili za kwanza kwenye bahasha. Ya tatu aliikunja mara nne akaitia mfukoni, akasema mnunuzi wa Kamulu atasikia kutoka kwake kesho yake. Kisha akageuka.

"Nilikuita mvivu," akamwambia mwanawe. "Sikujua mambo ya kuta."

"Si neno, baba."

"Mazoezi ni saa ngapi kesho?"

"Saa kumi na moja unusu alfajiri. Huwa naenda na matatu."

"Kesho nitakupeleka."

Wazazi wenzangu, kabla hujampima mtoto kwa saa, hakikisha unajua alikuwa katika maji gani. Nanyi wanafunzi, leo jioni andikeni muda wenu wa miaka mitatu kwenye karatasi moja na alama zenu za darasani kwenye nyingine. Hizo mbili zikikaa mezani pamoja, mtajua barua ya kwanza iende chuo kipi.